Kadi mbili za grafiki kwenye kasha moja: mwongozo kamili wa kuzipa hewa

Kadi mbili za RTX 3090 zikifanya kazi kwa nguvu zote hutoa joto la wati 700, kila moja 350. Ongeza prosesa, memori, diski na joto la pawa saplai yenyewe, unafika karibu wati 870. Ni kama kuwasha pasi ya umeme, kuifungia ndani ya sanduku la bati na kuiacha humo usiku kucha. Joto hilo lote lazima libebwe na hewa mpaka nje ya kasha.

Tunatumia RTX 3090 kama mfano kwa sababu ndiyo kadi ambayo wengi huiweka mbilimbili. Iliingia sokoni mwaka 2020, ina memori ya GB 24, na mbili kwa pamoja zinabeba modeli kubwa za lugha au kazi nzito za Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D. Ukiwa na kadi nyingine badilisha wati tu, hatua zinabaki zilezile.

Dalili ya tatizo karibu kila mara ni moja: kadi ya chini imetulia kwenye nyuzi 68 au 70, ya juu imegonga 83, feni zake zinalia kwa asilimia 100, na kasi yake inashuka kila dakika chache. Watu huona hivyo wakakimbilia kununua feni zaidi. Feni zina nafasi yake, na tutafika huko. Lakini kasha lenye feni tisa linaweza kupika kadi ya juu vilevile, kwa sababu kinachoamua ni kama hewa baridi inafika kwenye mwanya ulio kati ya kadi mbili, na kama hewa moto ikishatoka hairudi kunyonywa tena.

Mwanya kati ya kadi

Kwenye makasha mengi ya kusimama, feni za kadi zinatazama chini. Kadi ya chini inanyonya hewa kutoka sakafu ya kasha. Kadi ya juu inanyonya kutoka kwenye mwanya, na hewa iliyo kwenye mwanya huo imeshapitia kwa mwenzake. Ni sawa na kuoga maji ambayo mwenzako ameshayaogea.

RTX 3090 ina ubaya wake wa ziada. Chipu zake za memori ni 24, na 12 kati ya hizo ziko upande wa nyuma, chini ya bamba la chuma la mgongoni. Kwa hiyo mgongo wa kadi ya chini ni jiko dogo, nao ndio unaotazamana na feni za kadi ya juu. (RTX 3090 Ti haina shida hii, chipu zake zote ziko upande wa mbele.)

Chukua rula. Kutoka sloti moja ya PCIe, yaani tundu la madabodi ambalo kadi huchomekwa, hadi inayofuata ni milimita 20.32. Madabodi nyingi zenye sloti mbili ndefu huziweka umbali wa sloti tatu, yaani milimita 61, na chache huziweka umbali wa sloti nne, milimita 81. Toa unene wa kadi yako. Kadi ya milimita 40 kwenye umbali wa sloti tatu inakuachia mwanya wa milimita 20 hivi. Kadi ya milimita 55, ambao ndio unene wa 3090 nyingi zenye feni tatu, inakuachia milimita 5 au 6, na bamba la mgongoni linakula sehemu ya hizo. Kadi hiyohiyo kwenye umbali wa sloti nne inapata milimita 25 na kitu.

Kipimo chetu ni hiki: chini ya milimita 10, usitumie pesa kwenye feni za kasha kabla hujabadilisha nafasi ya kadi moja. Kuanzia 20 kwenda juu, hatua za hapa chini zinatosha. Kati ya 10 na 20 utafanikiwa, ila itabidi upunguze wati.

Pima mwanya mahali pawili, karibu na mabano ya nyuma na kwenye ncha ya mbele ya kadi. Kadi hizi ni nzito na hulegea. Mara nyingi utakuta milimita 20 kwenye mabano na 15 kwenye ncha, na ncha ndiyo mlango wa hewa inayotoka feni za mbele. Usiweke kigingi kati ya kadi mbili, kitaziba njia uliyotaka kuifungua. Inyanyue kadi ya juu kutoka juu: funga mshipi wa kuvulia kwenye ncha ya fremu yake, uupeleke kwenye tundu la paa la kasha, uvute hadi kadi ilale sawa, kisha funga. Mshipi hauzibi hewa wala haupitishi umeme.

Pima kabla hujagusa bisibisi

Bila vipimo vya mwanzo hutajua hatua ipi ilisaidia. Unahitaji kipimajoto cha chumba kilichowekwa sentimita chache mbele ya feni za kuingiza hewa, saa, na karatasi.

Kwenye Linux endesha hii kwenye terminali:

`nvidia-smi --query-gpu=index,temperature.gpu,power.draw,fan.speed,clocks.sm --format=csv -l 5`

Kwenye Windows tumia HWiNFO64. Ina faida moja kubwa kwa 3090: inaonyesha joto la memori, ambalo amri ya juu haikuonyeshi kwa kadi hizi. Memori ya GDDR6X huanza kupunguzwa kasi ikifika nyuzi 110, na inaweza kufika huko wakati chipu kuu iko kwenye 75 na kila kitu kinaonekana salama.

Washa kazi halisi kwenye kadi zote mbili kwa pamoja, ile unayoifanya kila siku, na uiache dakika 30. Dakika tano hazitoshi, kwa sababu chuma cha kasha na hewa ya chumba huchelewa kupata joto. Andika joto la chumba, joto la kila kadi, la memori, asilimia za feni, wati na kasi. Kisha toa joto la chumba kwenye joto la kadi na ufanye kazi na tofauti hiyo. Kadi ya nyuzi 80 kwenye chumba cha 32 cha Dar es Salaam mwezi Januari inapozwa vizuri kuliko ya nyuzi 74 kwenye chumba cha 20.

Sasa fanya majaribio matatu, kila moja kwa dakika 30.

1. Toa ubavu wa kasha. Joto la kadi ya juu likishuka kwa zaidi ya nyuzi 5, kasha halipumui, na pesa ya feni itarudi. Likishuka nyuzi 1 au 2 tu, shida iko kwenye mwanya au ndani ya kadi yenyewe.
2. Rudisha ubavu, endesha kadi ya juu peke yake huku ya chini imekaa bila kazi. Ikishuka sana, ujue inateswa na joto la jirani yake.
3. Toa kadi ya chini kabisa, fungua ubavu, endesha ya juu. Kama bado inafika 83, au memori inapita 105 ikiwa peke yake kwenye hewa wazi, mtiririko wa hewa hautaiponya. Pedi za memori (vipande laini vinavyopitisha joto kutoka chipu hadi kwenye chuma cha kupoza) zimechoka au grisi ya joto imekauka. Rekebisha hilo kwanza.

Kwenye jaribio la tatu, ukiamua kubadilisha pedi, pata unene kamili wa kila pedi kwa modeli yako kabla ya kufungua. Pedi nene kwa nusu milimita tu huinua hitisinki, kile chuma cha kupoza, ikaachana na chipu kuu, na ukifunga utakuta memori imepoa huku chipu ikiungua.

Punguza wati kwanza, ni bure

Hii ndiyo hatua ambayo watu huidharau, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko feni yoyote. Wati 70 za mwisho za 3090 hazileti kasi inayolingana nazo. Ukiibana kutoka 350 hadi 280 umeondoa asilimia 20 ya joto, na kwenye kazi nyingi kasi hupungua kwa chini ya asilimia 10.

Kwenye Linux:

`sudo nvidia-smi -pm 1`
`sudo nvidia-smi -i 0 -pl 280`
`sudo nvidia-smi -i 1 -pl 280`

Mpangilio huu hufutika kompyuta ikizimwa, kwa hiyo uweke kwenye huduma ya systemd, mfumo wa Linux unaoanzisha programu kompyuta inapowaka, ili urudi kila mara. Kwenye Windows, MSI Afterburner ina kitelezi cha nguvu. Kiweke kwenye asilimia 80.

Si lazima kadi zote mbili ziwe sawa. Kama ya juu ndiyo yenye moto, ipe 260 na ya chini 300. Ila kama kazi yako inagawanywa nusu kwa nusu na kadi moja inaisubiri nyingine, ile ya polepole ndiyo itakayoamua kasi ya zote, na hapo ni afadhali kuzisawazisha.

Feni za kasha zifuate joto la kadi

Hili ni kosa tunalolikuta kwenye mashine nyingi kuliko kosa lingine lolote. Kwa kawaida BIOS, programu ya ndani ya madabodi, huendesha feni za kasha kwa kufuata joto la prosesa. Kazi za grafiki huiacha prosesa imetulia kwenye nyuzi 45. Basi feni za mbele zinazunguka polepole kwa asilimia 30 wakati kadi mbili zinaungua sentimita kumi nyuma yake. Mwenye mashine anaongeza feni, nazo zinazunguka polepole vilevile.

Kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo Fan Control. Tengeneza kihisi kimoja kinachochukua joto kubwa kati ya GPU (chipu kuu ya kadi) ya kwanza na ya pili, kisha kiunganishe na feni zote za kasha. Kwenye Linux, CoolerControl inafanya kazi hiyohiyo. Anza na mchoro huu: nyuzi 40 asilimia 40, nyuzi 60 asilimia 60, nyuzi 70 asilimia 80, nyuzi 77 asilimia 100. Weka ucheleweshaji wa nyuzi 3 ili feni zisipande na kushuka kila sekunde.

Hutaki programu? Ingia BIOS, weka feni za kasha kwenye asilimia 70 bila kubadilika. Ni kelele ya kudumu lakini haikuangushi.

Angalia pia tundu unalochomekea. Matundu mengi ya feni kwenye madabodi yanabeba ampea 1. Feni moja ina ampea 0.1 hadi 0.3, zimeandikwa kwenye lebo ya katikati. Ukiunganisha feni tano kwa kigawanyio cha waya kwenye tundu moja unaweza kuliunguza. Tumia habu ya feni inayochukua umeme wake kutoka kebo ya SATA ya pawa saplai, na kutoka madabodi ichukue ishara ya kasi peke yake.

Hewa kiasi gani?

Hesabu ni fupi. Zidisha wati zote kwa 3, gawanya kwa nyuzi ambazo uko tayari hewa ipande kutoka inapoingia hadi inapotoka. Jibu ni mita za ujazo kwa saa. Kwa wati 870 na nyuzi 10: 870 × 3 ÷ 10 = 261. Ukibana kadi hadi 280, jumla inakuwa kama wati 730 na unahitaji 219. Huo ndio ukubwa wa zawadi ya hatua ile ya bure.

Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi ikilinganishwa na ya Mombasa. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Zidisha jibu kwa 1.2, unapata karibu 313. Nairobi inakufidia kwa ubaridi wa hewa yenyewe, kwa hiyo mwishowe mkazi wa pwani bado ana kazi kubwa zaidi.

Usiamini namba ya kwenye boksi la feni moja kwa moja. Noctua NF-A14 PWM imeandikwa mita za ujazo 140 kwa saa, Arctic P12 PWM 95 hivi, lakini hizo hupimwa bila kizuizi chochote mbele. Weka chujio, wavu na msongamano wa nyaya, hesabu nusu. Feni tatu za milimita 140 mbele zinakupa 210 hivi kwa kasi ya mwisho, na ukiongeza mbili chini unafika 350. Ndiyo maana tunashauri feni tano za kuingiza kwa kadi mbili zisizobanwa, na tatu kwa zilizobanwa.

Soma pia namba ya msukumo, ile inayoandikwa kwa milimita za maji. Kwa feni itakayokaa nyuma ya chujio tafuta 2 au zaidi. Feni yenye hewa nyingi lakini msukumo hafifu hukwama mbele ya chujio lenye vumbi la wiki mbili.

Kupanga feni

Kama kasha lako lina kioo au plastiki isiyo na matundu mbele, na hewa inaingilia kwenye nyufa za pembeni, jaribu kulitumia bila uso wa mbele kwa dakika 30. Joto likishuka nyuzi 6 au zaidi, uza kasha hilo. Tafuta lenye wavu mbele na sakafu inayoruhusu feni. Fractal Design Torrent ni mfano mzuri: ina feni mbili za milimita 180 mbele na tatu za 140 chini, na pawa saplai yake imepandishwa juu ili sakafu yote ibaki ya hewa.

Mpangilio tunaouanzia:

Mbele, feni tatu za 140 zikiingiza hewa. Toa vizimba vya diski vilivyo nyuma yake, viko katikati ya njia. Nyuma, moja ya 140 ikitoa. Juu, moja au mbili zikitoa, zikae upande wa nyuma. Tundu la juu la mbele liache wazi bila feni kwanza. Feni ya kutoa ikikaa hapo huvuta hewa safi iliyotoka tu mbele na kuitupa nje kabla haijagusa kadi.

Chini, kama sakafu haijafunikwa, weka feni mbili zikisukuma hewa juu kuelekea kadi ya chini. Kama kuna kifuniko cha pawa saplai, pima umbali kati ya kifuniko na feni za kadi. Ukiwa na milimita 40 au zaidi, na kifuniko kina matundu, feni nyembamba za milimita 15 zinakaa vizuri juu yake. Umbali ukiwa chini ya 15 kadi ya chini nayo itakosa pumzi, na utaona namba za kadi zote mbili zimekaribiana, zote mbaya.

Rejeta ya prosesa isikae mbele. Hapo inazuia hewa ya kadi na kuipasha moto kabla haijafika. Ipeleke juu ikitoa. Prosesa itapanda nyuzi kadhaa, na kwa kazi za grafiki inaweza kuvumilia.

Hewa inayoingia izidi kidogo inayotoka. Hivyo vumbi haliingilii kwenye nyufa bali linapitia kwenye chujio, na hewa ya ziada inajitoa yenyewe kupitia matundu ya nyuma ya sloti za PCIe. Toa vile vibamba vya chuma vinavyofunika sloti zisizotumika, hasa kilicho kati ya kadi mbili. Ni skrubu moja kila kimoja, na unaupa mwanya mlango wa nyuma.

Feni ya mwanya

Hapa ndipo joto linaposhuka nyuzi nyingi zaidi baada ya kupunguza wati. Unataka feni moja au mbili za milimita 120 zilizosimama sentimita 2 hadi 5 kutoka kingo za kadi, zikipuliza moja kwa moja kwenye mwanya.

1. Tafuta nafasi. Nzuri zaidi ni mbele ya ncha za kadi, kati yake na feni za mbele. Nafasi ikikosekana, weka ubavuni, zikitazama kingo ndefu za kadi.
2. Kata vipande viwili vya aluminiamu bapa, upana milimita 15, urefu wa kutoka sakafu ya kasha hadi juu ya kadi ya juu. Toboa matundu ya skrubu za feni.
3. Funga feni ili kitovu chake kiwe usawa wa mwanya. Nusu ya juu itapoza ncha ya kadi ya juu na nusu ya chini itapiga mgongo wa kadi ya chini, ule wenye memori.
4. Weka mpira au kipande cha sponji kati ya chuma na chuma, la sivyo mtetemo utasikika chumba kizima.
5. Vuta nyaya za umeme za kadi pembeni. Kadi nyingi za 3090 zina viunganishi viwili au vitatu vya pini 8, kwa hiyo kadi mbili zinaleta hadi kebo sita nene, na zikining'inia mbele ya mwanya zinaharibu kazi yote.

Kama hewa ya feni za mbele inatawanyika kabla ya kufika, tengeneza mfereji. Chukua shiti ya plastiki ngumu, ikunje iwe kuta mbili zinazoanzia kwenye feni ya katikati na kusinyaa hadi upana wa mwanya pamoja na sentimita 3 juu na chini. Kwa majaribio tumia kadibodi, inakatika kirahisi. Ukisharidhika na umbo, hamia kwenye plastiki, kwa sababu kadibodi ya pwani hunywa unyevu na kulegea. Usitumie bati jembamba karibu na madabodi. Likidondoka litagusa shaba.

Jaribio la udi

Washa kijiti cha udi na utembeze moshi wake taratibu mbele ya kila tundu la kasha wakati kazi inaendelea. Mbele, moshi uingie kwa mstari ulionyooka. Nyuma na juu, usukumwe mbali.

Sehemu ya kuangalia kwa makini ni kuta zinazozunguka feni za mbele. Mara nyingi utaona moshi unatoka ndani ya kasha kupitia tundu la feni lisilotumika, unajikunja kama kiwiko, na kunyonywa tena na feni iliyo pembeni yake. Hewa hiyohiyo moto inazunguka. Ziba kila nafasi tupu iliyo ubavuni mwa feni ya kuingiza, kwa plastiki na mkanda, uache wazi ile tu iliyo mbele ya feni. Fanya vivyo hivyo kwenye nafasi kati ya feni na uso wa mbele kwa kubandika ukanda wa sponji.

Halafu fungua ubavu kidogo, upana wa kidole, na upeleke moshi karibu na kadi ya juu. Ukiona moshi unaopanda kutoka kadi ya chini unapinda na kuingia kwenye feni za ya juu, feni yako ya mwanya haina nguvu ya kutosha au imekaa juu mno. Majivu yasidondokee ndani.

Mwanya ukiwa mdogo mno

Njia ya kwanza ni kuhamisha kadi moja kwa kebo ya PCIe ya kunyumbulika, sentimita 20 hadi 30, na kuisimamisha mbele au ubavuni mwa kasha. Nunua iliyothibitishwa kwa PCIe 4.0. Ukiwa na ya zamani, ingia BIOS uishushe sloti hiyo hadi Gen3 (kasi ya PCIe 3.0), vinginevyo utapata makosa ya ajabu na skrini kuzima ghafla, ukadhani ni joto. Kadi iliyosimama isikaribie kioo. Iachie milimita 40 mbele ya feni zake.

Njia ya pili ni kadi za bloa, zenye feni moja ya duara inayosukuma joto lote nje kupitia mabano ya nyuma. RTX A5000 ya wati 230 na RTX A6000 ya wati 300 zimejengwa hivyo, kwa unene wa sloti mbili, na zinavumilia kubanana. Ukiwa nazo sahau feni za kutoa juu, zitanyang'anya kadi hewa. Weka nguvu yote kwenye kuingiza. Kelele yake ni kubwa, si kadi za chumba cha kulala.

Njia ya tatu ni fremu ya wazi, isiyo na kuta. Inapoza vizuri, ila vumbi, watoto na paka vinakuwa jirani wa feni zinazozunguka.

Pawa saplai na chumba

Kwa 3090 mbili tunapendekeza wati 1,200 kama kiwango cha chini, 1,600 kama hubani kadi, kwa sababu 3090 huruka kwa milisekunde chache hadi mbali juu ya wati zake 350. Pawa saplai dogo huzima mashine ghafla katikati ya kazi, na mwenye mashine hulaumu joto. Kila kiunganishi cha pini 8 kipate kebo yake kutoka pawa saplai, usitumie kebo moja yenye vichwa viwili. Feni ya pawa saplai itazame chini, kasha likae juu ya miguu ya angalau sentimita 3, na lisiwekwe juu ya zulia.

Kisha chumba. Wati 870 ni sawa na BTU 3,000 hivi kwa saa, yaani theluthi ya uwezo wa kiyoyozi cha BTU 9,000. Kwenye chumba kidogo kilichofungwa bila kiyoyozi, joto la hewa inayoingia litapanda saa hadi saa, na kila nyuzi moja ya chumba inaongeza karibu nyuzi moja kwenye kadi. Usiliweke kasha ndani ya kabati la meza. Nyuma yake acha sentimita 15 hadi ukutani. Kama una feni ya dirishani, ielekeze itoe hewa nje na uiweke upande ambao mgongo wa kasha unatazama.

Usafi

Machujio ya nailoni yaoshwe kwa maji kila wiki mbili wakati wa kiangazi, kila mwezi wakati wa mvua, na yakauke kabisa kabla ya kurudi. Mapezi ya kadi yapulizwe kila miezi mitatu kwa bloa, yaani mashine ya mkono ya kupuliza vumbi. Shika mapanga ya feni kwa kidole unapopuliza. Yakizungushwa kwa kasi ya bloa beringi hufa. Kompresa ya gereji ni hatari kwa sababu hutema matone ya maji na mafuta.

Baada ya kila hatua uliyofanya hapa, rudia kipimo cha dakika 30 na uandike. Lenga tofauti ya nyuzi 45 au chini kati ya chumba na kadi ya juu, memori chini ya 100, na kadi mbili zisipishane zaidi ya nyuzi 8. Kama hujui iwapo kasi bado inapunguzwa na joto, endesha `nvidia-smi -q -d PERFORMANCE` wakati wa kazi na utafute mistari yenye neno Thermal. Yote ikisema Not Active, funga ubavu na ukaze skrubu.